Ugaidi, siasa na habari ya siku ya pili

Mwaka 2014 nilisambaza picha ya kijana nisiyemjua. Ulikuwa ukurasa wa gazeti uliopigwa picha kwa simu na kutiwa kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaani, muda mfupi baada ya swala ya alfajiri. Juu ya picha, kwa herufi kubwa, pameandikwa neno gaidi. Chini, kwa herufi ndogo, pameandikwa kwamba anashukiwa. Mimi nilisoma herufi kubwa, nikaupeleka ukurasa ule kwenye makundi mengine 3 kabla sijamaliza chai yangu.

Baada ya wiki moja hivi ndipo nikajua kwamba kijana yule ni mjukuu wa bibi anayetuuzia mahamri na mbaazi mtaa wa nyuma. Alikuwa ameachiliwa bila kufunguliwa mashtaka. Gazeti lile halikuandika kwamba ameachiliwa. Na mimi pia sikuandika chochote katika yale makundi 3. Nilipokwenda kununua mahamri, bibi, ambaye hakujua habari za simu yangu, aliniuliza: "Mwanangu, wewe umesoma. Mbona wakimshika mtu huandika, wakimwachilia hawaandiki?"

Nilimpa maneno ya kumpoza tu, nikaondoka. Swali lile limekaa nami miaka yote hii, na leo nataka kulijibu. Si swali la bibi peke yake. Ni swali la kila mzazi wa Pwani ambaye mwanawe huvaa kanzu, na ni swali la nchi yoyote inayojiita ya kidemokrasia.

Gaidi anahitaji msikilizaji

Kwanza tuelewane ugaidi ni nini, maana neno hili limetumika hadi likachakaa. Mwizi wa kawaida akishaiba hutaka asionekane. Gaidi akishaua hutaka aonekane. Anaua watu kadhaa ili mamilioni waogope, na wakiogopa wachukiane, na wakichukiana serikali ifanye pupa na kumwongezea wafuasi. Bila mtu wa kuipeleka habari, kazi yake inabaki nusu. Ndiyo maana vyombo vya habari, watake wasitake, wamo ndani ya uwanja wa vita.

Sisi wa Pwani tulilijua hili mapema. Novemba 28, 2002, hoteli ya Paradise huko Kikambala ililipuliwa. Waliuawa Wakenya 10 na Waisraeli 3, mbali na washambuliaji wenyewe. Miongoni mwa Wakenya wale walikuwamo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwapokea wageni. Leo ukimuuliza mtu mzima yeyote wa Mtwapa ni nani aliyefanya kitendo kile, atakutajia al-Qaeda bila kusita. Muulize jina la mchezaji ngoma mmoja tu aliyekufa siku ile. Wauaji walitangazwa dunia nzima, na waliokufa wakizikwa na jamaa zao wakabaki idadi.

Kisha ikaja Westgate, Nairobi, Septemba 21, 2013. Watu 67 waliuawa katika tukio lililochukua siku 4. Wakati watu bado wamefungiwa ndani, Al-Shabaab walikuwa wakiandika kwenye Twitter, wakitoa habari zao kwa lugha ya majigambo, na akaunti moja ikifungwa wanafungua nyingine. Upande wa serikali, maafisa walikuwa wakipingana wao kwa wao. Tuliambiwa washambuliaji walikuwa kati ya 10 na 15. Mwishowe uchunguzi ukasema walikuwa 4. Wahariri wengi walijikuta wakinukuu wauaji kwa sababu wauaji ndio waliokuwa wakizungumza. Funzo lake ni rahisi: serikali ikinyamaza au ikibabaisha, muuaji ndiye anayegeuka msemaji.

Na kuna suala la picha. Januari 15, 2019, katika shambulio la DusitD2 huko Riverside ambapo watu 21 waliuawa, gazeti la New York Times lilichapisha mtandaoni picha ya maiti wakiwa wameinamia meza zao za mkahawani. Wakenya walikasirika, na Baraza la Vyombo vya Habari la hapa kwetu likataka picha iondolewe na watu waombwe radhi. Hoja ya wananchi ilikuwa ya haki. Mtu hapaswi kujua kwamba mwanawe amekufa kwa kumwona kwenye simu. Lakini lazima tuseme na upande wa pili: kabla ya gazeti la Marekani, makundi yetu wenyewe ya WhatsApp yalikuwa yamekwisha jaa picha za aina hiyo hiyo.

Mpeketoni: nani alisema nini

Tukio lililotufundisha zaidi jinsi ugaidi unavyochanganyika na siasa ni lile la Mpeketoni, Lamu. Usiku wa Juni 15, 2014, watu wakiwa wanatazama mechi za Kombe la Dunia, washambuliaji waliingia mjini wakaua na kuchoma majumba na magari kwa saa nyingi. Usiku uliofuata wakarudi katika vijiji vya jirani. Waliokufa walizidi 60. Al-Shabaab wakajitokeza wakasema ni wao.

Juni 17, Rais Uhuru Kenyatta alilihutubia taifa akasema sivyo. Alisema si Al-Shabaab, bali ni mitandao ya kisiasa ya eneo lile iliyopanga vurugu za kikabila. Kumbukeni hali ilivyokuwa. Raila Odinga alikuwa amerudi kutoka ng'ambo wiki chache kabla, upinzani ulikuwa ukifanya mikutano ya kudai mazungumzo ya kitaifa, na Mpeketoni ni eneo la makazi mapya yaliyoanzishwa miaka ya 1970, ambako suala la ardhi halijapoa hadi leo. Maneno ya Rais yalitua juu ya nyasi kavu.

Siku chache baadaye gavana wa Lamu wa wakati huo, Issa Timamy, alikamatwa kuhusiana na mashambulio hayo. Habari ya kukamatwa kwake ilitawala kurasa za mbele na taarifa za saa moja usiku. Baadaye aliachiliwa, na hakuna mahakama iliyompata na hatia. Mwaka 2022 wakazi wa Lamu walimchagua tena kuwa gavana. Washukiwa 2 waliofikishwa katika Mahakama Kuu ya Mombasa kwa mauaji yale waliachiliwa huru, ushahidi haukutosha. Mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, IPOA, nayo ilichunguza na kukosoa namna polisi walivyoushughulikia usiku ule.

Sasa piga hesabu. Tulikuwa na kauli 2 zinazopingana: ya wauaji na ya Rais. Kazi ya mwanahabari ilikuwa kuziweka zote mbili mezani, kila moja ikiwa na jina la mwenyewe, kisha kuuliza zote mbili: ushahidi uko wapi? Wapo waliofanya hivyo, na tuwashukuru. Wengine walichagua upande kulingana na kabila la mwenye kituo au chama anachokipenda mhariri. Mchana ule, kwenye mabaraza yetu ya kahawa, hatukuwa tukijadili nani aliua. Tulikuwa tukijadili nani ni wa nani. Muuaji hahitaji zaidi ya hapo.

Na gharama ililipwa na watu wasio na gazeti wala chama. Mei mwaka ule ule, hata kabla ya Mpeketoni, Uingereza ilikuwa imewatahadharisha raia wake dhidi ya kuzuru sehemu za Pwani, na mamia ya watalii wakasafirishwa kurudi kwao kabla ya likizo kwisha. Mahoteli yalifunga, vijana wa ufuoni wakarudi nyumbani. Julai, ikiwa Ramadhani imo katika kumi la mwisho, Lamu ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mvuvi anayevua usiku akakaa na nyavu zake. Watu wakakosa kwenda msikitini katika siku zile tukufu. Amri ile ilidumu miezi. Mtu wa Nairobi aliyeona habari ya Lamu kwa siku 3 mfululizo kwenye runinga, je, aliona habari ya mvuvi yule hata mara moja?

Dawa ya serikali, na jibu la mahakama

Baada ya mauaji mengine huko Mandera mwishoni mwa 2014, serikali ilipeleka Bungeni mswada wa kurekebisha sheria za usalama. Ulipitishwa Desemba 18 katika kikao cha makelele na kusukumana, na Rais akautia saini siku iliyofuata. Ndani yake mlikuwa na kifungu kilichosema kwamba anayechapisha au kutangaza maandishi ya uchochezi, au picha za maiti na majeruhi zinazoweza kuwatia watu hofu, atatozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu kingine kilimtaka mwanahabari apate idhini ya polisi kabla ya kutangaza habari inayoweza kuvuruga uchunguzi wa ugaidi.

Ukisoma haraka unaweza kusema, mbona ni sawa? Mimi mwenyewe nimelalamika juu ya picha za maiti hapo juu. Lakini jiulize nani ataamua kwamba picha fulani inatia hofu. Ni polisi. Na ikiwa habari yenyewe inawahusu polisi? Ikiwa mtu ametolewa nyumbani kwake usiku na watu wasiojitambulisha, hiyo ni habari inayovuruga uchunguzi, au ni habari inayostahili kutangazwa mara moja kabla hajapotea?

Februari 23, 2015, Mahakama Kuu ilivifuta vifungu 8 vya sheria ile, vikiwemo hivyo vya kubana vyombo vya habari. Mahakama haikusema kwamba uhuru hauna mpaka. Katiba yenyewe, kifungu cha 33, inasema uhuru wa kujieleza haufiki kwenye uchochezi wa vita, fujo na chuki. Ilichokataa ni maneno mapana mno ambayo afisa yeyote angeweza kuyavuta apendako.

Mfano wa kwa nini hilo ni muhimu ulikuwa Westgate yenyewe. Waliotuonyesha picha za wanajeshi wakibeba mifuko kutoka kwenye duka kubwa ndani ya jengo lile walikuwa wanahabari, miongoni mwao John-Allan Namu na Mohammed Ali, ambaye baadaye alichaguliwa mbunge wa Nyali. Mkuu wa polisi wa wakati huo alitishia kuwachukulia hatua. Kama sheria ya 2014 ingekuwako wakati ule na ikabaki, huenda tusingeona chochote. Kumuuliza askari swali si kumsaidia gaidi.

Mfano wa pili uko hapa hapa Mombasa. Aprili 2015, siku chache baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa ambapo watu 148 walikufa, wengi wao wanafunzi, serikali ilitoa orodha ya watu na mashirika yanayoshukiwa kuhusika na ugaidi. Ndani yake mlikuwa na mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na Haki Africa. Akaunti zao za benki zikafungwa. Habari ile ilienea nchi nzima kwa siku moja. Mashirika yakaenda mahakamani, na mwishoni mwa mwaka ule Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru akaunti zifunguliwe. Mpaka leo nakutana na watu, wasomi wazima, wanaokumbuka orodha lakini hawajapata kusikia uamuzi.

Na sisi wenyewe je?

Ningekuwa mnafiki kama ningemaliza kwa kuwalaumu wahariri na wanasiasa tu. Sisi Waislamu wa Pwani tuna deni letu.

Wapo miongoni mwetu ambao kila baada ya shambulio husema haraka kwamba ni njama, kwamba hakuna Al-Shabaab, kwamba ni serikali inatafuta kisingizio. Wanasema hivyo bila ushahidi, vile vile kama wanaotutuhumu. Lakini vijana wetu kweli walivuka mpaka. Tuliwajua, tulicheza nao mpira. Kumkana kijana wako aliyepotea hakumrudishi, na hakumlindi mdogo wake. Vile vile, DusitD2 ilipotokea ikajulikana kwamba mmoja wa washambuliaji alikuwa mtoto wa mwanajeshi wa Kenya. Jambo hilo lilipaswa kumfundisha kila mtu kwamba gaidi hatambuliki kwa mtaa wala kwa mavazi, wala kwa jina la baba.

Tuna msemo wetu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika mambo ya ugaidi msemo huu umeumiza watu wengi. Dini yetu imetupa kanuni iliyo bora zaidi. Aya ya 6 ya Surat Hujurat inatuamrisha tuihakiki habari anayotuletea asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu bila ya kujua kisha tukajuta. Aya hiyo tunaisikia kwenye mawaidha mara kwa mara. Asubuhi ile ya 2014 nilikuwa nimetoka kuswali, na sikuikumbuka.

Tukumbuke pia kwamba habari njema nayo huhitaji kubebwa. Desemba 21, 2015, Al-Shabaab waliposimamisha basi karibu na Mandera na kutaka abiria wajitenge kwa dini, abiria Waislamu walikataa kuwatoa wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile na akafariki mwezi uliofuata. Vyombo vya habari viliibeba habari ile ikazunguka dunia, ikatengenezewa na filamu. Siku ile kamera ilifanya kazi kinyume na alivyotaka gaidi. Kwa hivyo tusiseme haiwezekani.

Habari ya siku ya pili

Jibu langu kwa bibi, baada ya miaka yote hii, ni hili: huandika wakimshika mtu kwa sababu habari ya siku ya kwanza inauza, na inawapa wanasiasa cha kusema. Habari ya siku ya pili, kwamba ameachiliwa, kwamba kesi imeanguka, kwamba mahakama imeamua vingine, haina mtu wa kuisukuma. Mwanasiasa hana faida nayo, polisi hawaitaki, na mhariri amekwisha hamia jambo jingine. Basi chombo cha habari chenye heshima ni kile kinachorudi. Kikiweka picha ya mshukiwa ukurasa wa mbele, na kuachiliwa kwake kipewe nafasi inayoonekana. Kikinukuu polisi, kiandike "polisi wanasema", kisiandike kama kwamba mwandishi alikuwapo. Kikimnukuu mwanasiasa anayemtupia mwenzake lawama kabla maiti hawajazikwa, kimuulize ushahidi hapo hapo.

Na wewe msomaji una haki ambayo wengi wetu hatuijui. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomhusu. Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa ni mtu asiye na hatia hadi ithibitishwe vingine. Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 iliunda tume ya kusikiliza malalamishi dhidi ya wanahabari na vyombo vyao. Kwa hivyo familia ikiandikwa vibaya isiishie kulia uani. Iweke nakala ya gazeti au rekodi ya kipindi, iweke tarehe, iandike barua kwa mhariri kudai sahihisho, na asiposikia ipeleke malalamishi kwenye tume hiyo. Mashirika ya haki hapa Pwani yanaweza kuwasaidia wasiojua kuandika barua za namna hiyo.

Kuhusu simu zetu, mimi sasa najiuliza maswali 3 kabla ya kusambaza: nani amesema, amejuaje, na kama si kweli nitamrudishiaje mtu heshima yake? Swali la tatu likikosa jibu, siisambazi.

Mwaka jana nilikwenda kwa bibi nikamweleza ukweli, kwamba mmoja wa waliompeleka mjukuu wake kila mahali nilikuwa mimi. Alinyamaza kidogo, akaendelea kupepea jiko. Kisha akaniambia mjukuu wake alihama Mombasa tangu wakati ule, kwa sababu kila alipoomba kazi kulikuwa na mtu aliyeikumbuka ile picha. Akaniuliza kama yale makundi bado yapo. Nikamwambia 2 yapo. Akasema, "Basi waandikie."

Niliwaandikia usiku ule ule, miaka mingi ikiwa imepita. Wachache walijibu, na mmoja alisema hakupata kujua kwamba kijana aliachiliwa. Alikuwa jirani yake, nyumba ya tatu.